Nani Analeta Jibu Mumbuni?

Mkazi wa Mumbuni anayetaka mtaro wa maji ya mvua uchimbwe mtaani kwake hana budi kwanza ajue ombi lake alipeleke kwa nani. Chifu yuko karibu, na baraza lake linajulikana na kila mtu, lakini chifu ni mtumishi wa serikali ya kitaifa. Yake ni mambo ya usalama, vitambulisho, na maagizo yanayoshuka kutoka Nairobi. Mbunge wa Machakos Mjini ana hazina ya maendeleo ya eneo bunge, NG-CDF, ila sheria ya mwaka 2015 inaielekeza hazina hiyo kwenye kazi za serikali ya kitaifa, ndiyo maana huonekana zaidi katika madarasa na basari. Barabara yenyewe pengine ni ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Mtaro wa mtaani, soko, taka, zahanati, chekechea na taa za barabarani ni kazi ya kaunti, na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeyasema hayo waziwazi. Watu wengi huzunguka milango mitatu kabla ya kuufikia wa nne, na wengine huchoka wakiwa kwenye wa pili.

Hata kwenye kaunti mlango si mmoja. Mumbuni Kaskazini ni mojawapo ya wadi saba za eneo bunge la Machakos Mjini, pamoja na Kalama, Mua, Mutituni, Machakos ya Kati, Muvuti/Kiima-Kimwe na Kola. Kaunti nzima ina wadi 40 na, kwa sensa ya 2019, watu 1,421,932. Kila wadi ina mwakilishi wake katika bunge la kaunti, aliyechaguliwa kwa kura, na msimamizi wa wadi, aliyeajiriwa. Kando ya hao kuna Manispaa ya Machakos na bodi yake, chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Sheria hiyo mwanzoni ilitaka mji uwe na watu 70,000 ndipo upewe hadhi ya manispaa. Marekebisho ya 2019 yakashusha kiwango hicho hadi 50,000. Mumbuni imeshikana na mji. Upande mmoja kuna nyumba za kupangisha na maduka, upande mwingine mashamba ya matuta, na maamuzi ya bodi yanaigusa sawa na ya bunge la kaunti.

Mhadhara huu una dai moja. Ugonjwa wa mikutano ya kaunti na manispaa hautokani na kutoitishwa kwake, wala hautokani na uvivu wa wananchi. Mikutano huitishwa na watu huenda, wakaacha vibanda na bodaboda, wakaketi kwenye viti vya plastiki chini ya hema au katika ukumbi wa kanisa. Ugonjwa ni kwamba mkutano hufa pale unapofungwa kwa maombi. Harudi mtu kuwaambia waliokuja kwamba ombi lao limekubaliwa au limekataliwa, na kwa sababu gani.

Yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa ushirikishwaji wa umma nchini Kenya anaijua sura yake. Tangazo hutoka gazetini siku chache kabla. Watu wanapofika huandikishwa kwenye karatasi: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Maafisa hutambulishana kwa muda mrefu. Kisha husomwa tarakimu za idara moja baada ya nyingine, mara nyingi kwa Kiingereza kinachotafsiriwa juujuu kwa Kikamba, na nakala za kitabu cha bajeti hazitoshi watu wote. Zamu ya wananchi ikifika, muda umekwisha kuyoyoma. Mmoja ataomba kalavati, mwingine dawa katika zahanati, mwingine taa ile ndefu inayoitwa mulika mwizi. Afisa ataandika. Baadaye, kaunti ikishtakiwa kwamba haikuwashirikisha watu, karatasi yenye sahihi ndiyo itakayopelekwa mahakamani. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba watu walikuja, lakini haisemi kalavati iliyoombwa iliishia wapi.

Kosa jingine limejificha kwenye kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeipangia kaunti mwaka wake wa fedha tarehe kwa tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa fedha, unaoweka kiwango cha juu cha fedha kwa kila idara, hufikishwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia tarehe 30 Aprili, nayo hupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni. Mikutano inayovuta watu wengi ni ya Mei, makadirio yakiwa tayari yamechapishwa. Kufikia hapo viwango vya idara vimekwisha kuwekwa, na kanuni za 2015 zinazuia bunge la kaunti kuongeza au kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia moja ya kiwango hicho. Mama mboga aliyefunga kibanda chake Mei akaenda kuomba barabara mpya amechelewa tangu Septemba, wala hakuna aliyemwambia. Mikutano ya kabla ya tarehe za Septemba na Februari, ambayo kwa kweli huamua, huwa na viti vitupu.

Fedha zinazozungumzwa si chache. Katika mwaka wa fedha wa 2022/23, fungu la Machakos kutoka katika mgao wa kitaifa lilipita shilingi bilioni 9, mbali na kodi na ada za kaunti yenyewe. Sheria inataka asilimia 30 ya bajeti, angalau, iende katika maendeleo, na Msimamizi wa Bajeti huchapisha kila robo mwaka ripoti ya jinsi kila kaunti ilivyotumia. Ripoti hizo ni za umma. Ni nadra kuzisikia zikisomwa katika mkutano wa wadi, ingawa hapo ndipo zingefaa kuliko popote.

Mahakama zimejaribu kuutibu ugonjwa huu, na kesi iliyofungua njia ilitoka Kiambu. Mnamo Aprili 2014, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, iliyokuwa imeweka ada na kodi mpya, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alieleza kwamba tangazo la gazetini peke yake halitoshi. Kaunti inapaswa kuwafuata watu wanapokusanyika, makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na katika redio za lugha za nyumbani. Jaji huyo huyo baadaye alihudumu katika Mahakama Kuu ya Machakos. Kwa Mumbuni maana ya uamuzi ule ni rahisi: tangazo la mkutano litolewe kwa Kikamba kupitia Musyi FM na Mbaitu FM, kanisani Jumapili, na kwenye steji ya bodaboda, si katika ukurasa wa 30 wa gazeti la Kiingereza.

Hata hivyo, kesi ya Kiambu ilihusu namna ya kuwaita watu. Swali la jibu lilikuja miaka kumi baadaye, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya kitaifa ya 2023. Mnamo tarehe 31 Julai 2024, Mahakama ya Rufaa iliiangusha sheria hiyo, ikashikilia kwamba Bunge lilipaswa kueleza sababu za kukubali au kukataa maoni ya wananchi. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikabatilisha uamuzi huo, ikaona kwamba hakuna wajibu wa wazi unaolilazimisha Bunge kutoa sababu hizo kwa maandishi. Wengi waliosoma habari hizo walidhani mlango wa kudai jibu umefungwa kila mahali.

Kwa miji haukufungwa. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji kinasema jambo ambalo hakuna sheria inayoliamuru Bunge la taifa kulifanya. Bodi ya manispaa inatakiwa kualika maombi kutoka kwa mabaraza ya wakazi, iyatolee mapendekezo, na kisha meneja wa manispaa aandike ripoti juu ya uamuzi uliofikiwa, pamoja na sababu zake. Jedwali la Pili la sheria hiyo hiyo linawapa wakazi haki ya kuletewa marejesho na viongozi wao, waliochaguliwa na walioteuliwa, kuhusu mambo waliyoyauliza. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo, katika kifungu cha 89, inazipa mamlaka za kaunti wajibu wa kuyajibu maombi ya wananchi kwa haraka. Kwa hiyo mtu wa Mumbuni, mbele ya manispaa yake, ana dai lililo wazi zaidi kuliko alilo nalo mbele ya Bunge la taifa. Ni jambo la kushangaza kwamba dai hili, lililoandikwa tangu 2011, husikika kwa nadra mno mikutanoni.

Na hapa Machakos, dai la kujibiwa lina historia ndefu kuliko Katiba. Kabla ya Waingereza, wazee wa Kikamba waliamua mashauri katika nzama, baraza lao, na waliohukumiwa walikaa pale pale na waliowahukumu. Mnamo 1925 serikali ya kikoloni ilianzisha mabaraza ya wenyeji, Machakos ikiwemo. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa wilaya, mzungu. Baraza hilo lilitoza ushuru, likajenga shule, likajadili barabara. Jambo kubwa lilipozuka, baraza hilo halikutosha.

Jambo lenyewe lilikuwa ng'ombe. Serikali iliona ardhi ya Ukambani inachakaa kwa wingi wa mifugo, na mwaka 1938 ikaanza kuwapunguza kwa nguvu, wengine wakielekezwa kwenye kiwanda kipya cha nyama cha Liebig huko Athi River. Samuel Muindi, aliyejulikana kama Muindi Mbingu, mtu wa Ngelani kule milima ya Iveti, si mbali na Mumbuni, aliongoza upinzani pamoja na chama cha Ukamba Members Association. Zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi wakapiga kambi Kariokor. Madai yao yalikuwa mawili: warudishiwe mifugo, na gavana mwenyewe awajibu. Walikataa kujibiwa na maafisa wadogo. Gavana Robert Brooke-Popham hakukubali kuwaona Nairobi, lakini mnamo Agosti alilazimika kuja Machakos kusimama mbele ya baraza. Muindi alikamatwa baadaye mwaka huo akapelekwa kifungoni Lamu, lakini mpango wa kupunguza mifugo kwa nguvu ukaachwa. Vitabu vya historia hulisimulia tukio hili kama upinzani wa mifugo, na ndivyo lilivyokuwa. Lakini lilikuwa pia mgomo wa watu waliochoka kuandikwa maneno yao bila kurudishiwa neno.

Baada ya uhuru, mji ulisimamiwa na Baraza la Manispaa ya Machakos na mashambani na Baraza la Kaunti ya Masaku, kila moja na madiwani wake. Mabaraza hayo yalikuwa maskini, na mara nyingi mishahara ilimaliza mapato. Mageuzi makubwa yalianza 1999, fungu la kodi ya mapato lilipoanza kupelekwa kwenye mabaraza kupitia mfuko wa LATF; kuanzia 2001 baraza lilitakiwa kuwakutanisha wakazi wa kila wadi wachague miradi, utaratibu ulioitwa LASDAP. Wazee wa Mumbuni wanaolalamikia mikutano ya leo wana kumbukumbu ya ile ya LASDAP, na hawakosei wanaposema mambo yanafanana. Fedha zilikuwa kidogo, orodha ya miradi ilikuwa ndefu, na barua ya kueleza kilichoachwa haikuandikwa. Mabaraza yale yalikoma na uchaguzi wa Machi 2013. Mwenendo wake ulirithiwa pamoja na ofisi zake.

Ingawa hivyo, watu hawa hawa wa Machakos walikwisha onyesha wanavyoweza kuamua na kutekeleza. Matuta ya fanya juu yaliyoiokoa ardhi ya Machakos, yale ambayo Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliyachunguza katika kitabu chao cha 1994, yalichimbwa kwa sehemu kubwa na vikundi vya mwethya, vya kusaidiana kazi, wengi wao wanawake. Kikundi kiliamua shamba la nani lianze, kikachimba, kikahamia la jirani. Aliyeshiriki aliuona mtaro wake kwa macho yake, na aliyengoja zamu alijua kwa nini anangoja. Idadi ya watu iliongezeka na mmomonyoko wa udongo ukapungua, kinyume cha utabiri wa wataalamu wa kikoloni waliodhani Ukambani umekwisha. Kukiwa na mrejesho, watu wa Machakos hufanya kazi hata isiyo na malipo.

Jirani wa kusini amelionyesha hilo katika zama za kaunti. Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992; lugha ni moja, ukame ni mmoja, na koo zile zile ziko pande zote mbili. Chini ya gavana Kivutha Kibwana, kuanzia 2013 hadi 2022, Makueni iliupanga ushirikishwaji kwa ngazi: vijiji vikakusanywa katika makundi 377, kisha sehemu za wadi 60, wadi 30, na maeneo bunge sita, kila ngazi ikipeleka wawakilishi na orodha yake kwenye ngazi ya juu. Mambo hayakuwa laini. Mgogoro kati ya gavana na bunge la kaunti ulifika mahali pa kuombwa kaunti ivunjwe, hadi Rais Uhuru Kenyatta alipokataa mwaka 2015. Lakini jambo moja la Makueni linafaa kuigwa na Mumbuni kuliko ngazi zote hizo. Kila mradi ulikuwa na kamati ya wakazi, na mkandarasi hakulipwa kabla kamati hiyo haijatia sahihi kwamba kazi imefanyika. Sahihi ya mwananchi hapo ina thamani tofauti kabisa na ile ya karatasi ya mahudhurio. Ya kwanza inaweza kuzuia pesa, ya pili inazifungulia tu njia.

Tanzania imeenda njia nyingine. Sheria Na. 7 ya 1982 iliufanya mkutano mkuu wa kijiji, wa watu wote wazima, kuwa chombo kikuu cha maamuzi ya kijiji, na taarifa ya mapato na matumizi hutakiwa isomwe mbele yake kila baada ya miezi mitatu. Utekelezaji hutofautiana, na viko vijiji ambavyo wakazi wake hawajaisikia taarifa hiyo kwa muda mrefu. Hata hivyo kanuni yenyewe inampa mkazi nguvu ambayo mwenzake wa Mumbuni hana: anaweza kuikataa hesabu pale pale. Kule Porto Alegre, Brazil, mji ulioipa jina bajeti shirikishi tangu 1989, duru ya kwanza ya mikutano kila mwaka ilianza kwa kukagua miradi iliyoahidiwa mwaka uliopita, kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kuomba kipya.

Haki inataka watumishi wa kaunti nao wasikilizwe. Fedha kutoka Hazina ya Taifa hukawia, nyakati nyingine kwa miezi, na mradi uliopitishwa Juni hukuta akaunti haina kitu hadi mwaka wa fedha unapokaribia kuisha. Madeni ya wakandarasi huvutwa kutoka mwaka hadi mwaka. Mwakilishi wadi hugeuzwa kuwa mlipaji wa karo, matanga na harambee, kazi ambazo hakuna sheria inayomtwika. Msimamizi wa wadi mara nyingi ana pikipiki moja na eneo kubwa. Lakini hizi zote ni sababu za kueleza, na zikielezwa zinaeleweka. Mtu akiambiwa kwamba kalavati yake imeahirishwa kwa kuwa fedha za robo ya tatu hazikufika, atanung'unika na atarudi mkutanoni. Asipoambiwa kitu, atakaa nyumbani, na kiti chake kitakaliwa na mtu aliyeahidiwa nauli.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni padogo na hapahitaji sheria mpya. Mkutano wowote wa wadi unaohusu bajeti uanze na orodha ya maombi ya mwaka uliotangulia, kila ombi likiwa na neno lake: limeingia kwenye bajeti, limekataliwa, limeahirishwa, na sababu. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya msimamizi wa wadi na kwenye lango la soko, kwa Kikamba na Kiswahili. Wakazi nao wapeleke maombi yao kwa maandishi, yenye tarehe, kwa karani wa bunge la kaunti na kwa meneja wa manispaa, na wabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Bila muhuri, ombi la mdomo ni vigumu kulidai chini ya kifungu cha 22 au cha 89. Nafasi ambayo sheria imewatengea wakazi wa mitaa katika uwakilishi wa bodi ya manispaa isiachwe kwa watu wanaojulikana tu na ofisi. Kikundi cha chama cha akiba, kamati ya kisima au umoja wa wapangaji waweza kusajiliwa na kudai kiti hicho.

Na pale jibu lisipopatikana, ipo Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya umma inatakiwa kulijibu ombi la habari ndani ya siku 21, na ikikaa kimya, mwombaji anaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, bila wakili. Fomu ni ya ukurasa mmoja au miwili. Swali la kwanza linaloweza kuandikwa humo na kikundi chochote cha Mumbuni ni hili: katika mikutano ya bajeti ya mwaka uliopita, maombi ya wadi ya Mumbuni Kaskazini yalikuwa mangapi, yepi yaliingia kwenye makadirio ya tarehe 30 Aprili, na ripoti ya sababu za yaliyoachwa iko wapi.